Mkuu, usipige plasta kabla hajaja mwenye mhuri

Mkuu umesema fundi kashabadilisha waya nyumba ya marehemu mzee wako, keshokutwa anapiga plasta, na anakwambia karatasi ya mkandarasi ya nini wakati mita ya LUKU ipo na umeme unawaka. Mi nilishaambiwa maneno hayohayo, ngoja nikupe yaliyonikuta.

Nyumba ya bi mkubwa iko Tanga, Ngamiani, ya miaka ya 60. Waya zilikuwa zile za mpira, ukiukunja kidogo unapukutika kama biskuti, na kwenye taa hakuna eathi kabisa, ule waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Fyuzi ni zile za kufunga kauzi kembamba ka waya, sasa kuna mtu (namjua, ni mjomba) alichoka kufunga kila mara akaweka waya wa soketi, yaani hiyo fyuzi ingekata nyumba ishaungua.

Fundi akaweka boksi jipya la breka, RCD ya 30mA (swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja) kwa upande wa soketi, waya za 2.5mm² za soketi, 1.5mm² za taa, akaziba, plasta, rangi, kazi inang'aa. Ndo naanza kutafuta mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, anipe hiyo karatasi. Wa kwanza kwenye simu ananiambia tuma hela nigonge mhuri, hata hajauliza nyumba iko wapi. Huyo nilimwogopa. Wa pili akaja mwenyewe, mzee mmoja mpole, akasema mimi siwezi kusainia ukuta. Akazima meinswichi, akachomoa kila kitu mpaka balbu, akapima na mega, kile kipimo cha kuangalia kama waya unavujisha umeme, kwa volti 500. Inatakiwa isishuke megaomu 1, soketi za nyuma zikasoma 0.2, na kumbuka umeme ulikuwa unawaka vizuri tu.

Tukabomoa ukuta wa choo, rangi ina wiki mbili. Kumbe fundi hapo aliunga waya mpya na kipande cha ule wa mpira akazungushia tepu akafukia, na ule ukuta una unyevu mwaka mzima.

Halafu kulikuwa na taa ya baraza, ukiiwasha tu RCD inakata, fundi akasema RCD mbovu tuiruke, na mi nilikuwa nimeshakubali bana. Mzee akafungua boksi, laini (waya unaopeleka umeme) ya taa inatoka upande wa taa usio na RCD, ila nyutro (waya unaorudisha) imerudishiwa upande wa soketi wenye RCD. RCD inalinganisha kinachotoka na kinachorudi, sasa hapo vitalinganaje? Eathi rodi nayo, ile fimbo ya eathi inayofukiwa ardhini, ilikuwa kipande cha nondo, tuliachie hapo.

Nimelipa fundi mara mbili na plasta mara mbili. Wewe bado una bahati, kuta ziko wazi, mwambie asubiri. Mwite mwenye leseni sasa hivi, iangalie tarehe ya kuisha na kama daraja lake linaruhusu kazi hiyo, apime, na akuandikie vipimo vya kila sakiti, usikubali mhuri mtupu. Fundi wako akinuna basi.

Na piga picha kuta zote kabla hazijazibwa, weka na futi ionekane waya unapita wapi. Zangu ziko kwenye simu, siku hizi bi mkubwa hata msumari wa kalenda hagongi bila kunipigia.