Kupima ugumu wa maandishi ya Kiswahili: niliyojifunza kwa kukosea

Nilipoandika kijitabu changu cha kwanza cha maelekezo kwa wagonjwa, niliamini kwamba sentensi fupi zinatosha kumfikia msomaji yeyote. Moja kati yake ilisema: "Dalili zikikithiri, sitisha dawa umwone daktari." Mama mmoja niliyemwomba aisome akaniambia ameelewa kwamba dalili zikipungua, aache dawa. Neno moja tu, "kithiri", ambalo maana yake ni kuzidi, lilikuwa limeyageuza maelekezo yangu kuwa hatari. Tangu siku hiyo sichapishi maandishi ambayo sijayapima.

Nilianza na fomula, kama wengi wanavyoanza. Inayojulikana zaidi ni ile ya Rudolf Flesch ya mwaka 1948, ambayo huchukua wastani wa maneno katika sentensi na wastani wa silabi katika neno, kisha hutoa alama ambazo kwa kawaida huwa kati ya 0 na 100: kadiri alama zinavyopanda, ndivyo maandishi yanavyokuwa mepesi. Fomula hiyo iliundwa kwa ajili ya Kiingereza, lugha ambayo maneno yake mengi ya kila siku yana silabi moja au mbili, na hapo ndipo inapotukwamisha. Chukua sentensi "Hawakutuambia watakapokuja." Mtoto anaielewa bila shida, lakini ina silabi kumi na tatu katika maneno mawili, na ukiifanyia hesabu unapata takriban alama 345 chini ya sifuri. Viambishi vya nafsi, wakati na ukanushi vinalirefusha neno letu bila kulifanya gumu, ilhali neno kama "riba" au "dhana" lina silabi mbili tu na linaweza kumkwamisha mtu mzima. Kwa hiyo nakushauri usiziamini alama ambazo programu ya kompyuta inakupa kwa maandishi ya Kiswahili, isipokuwa una hakika kwamba kanuni yake iliundwa kwa ajili ya lugha hii. Urefu wa sentensi bado ni kipimo cha maana, nami huuhesabu. Idadi ya silabi nimeiacha kabisa.

Kipimo ninachokitegemea ni kile alichokieleza Wilson Taylor mwaka 1953: unafuta kila neno la tano katika kifungu, unaacha pengo, kisha unamwomba msomaji ajaze. Akishindwa kujaza zaidi ya nusu ya mapengo, mimi hukiandika kifungu upya. Nilichogundua, na ambacho naona kinastahili uangalifu mkubwa, ni kwamba upatanisho wa ngeli hurahisisha baadhi ya mapengo kupita kiasi. Katika "kitabu ___ mtoto", yeyote anayeijua lugha ataandika "cha", hata kama hajaelewa lolote katika aya nzima. Mapengo mengi yakiangukia kwenye maneno ya namna hiyo, matokeo yatakudanganya. Ndiyo maana hutengeneza nakala tano za kifungu kilekile, kila moja ikianza kufuta katika neno tofauti, nikazigawa kwa wasomaji tofauti. Vilevile, msomaji akiandika kitenzi chenye mzizi sahihi lakini akakosea kiambishi cha wakati, humpa alama na kuliwekea neno hilo mviringo, kwa kuwa makosa ya aina hiyo yakijirudia mahali pamoja, huonyesha kwamba mpangilio wangu wa matukio haueleweki.

Wasomaji hao wawe wale unaowaandikia. Wenzako wa kazini wanayajua mambo tayari, na watajaza mapengo kwa ujuzi wao, wala si kwa kuyaelewa maandishi yako.

Baada ya kujaza, humwomba kila mmoja anisimulie kwa maneno yake mwenyewe atakachofanya. Hatua hii huchukua muda mrefu kuliko zote, lakini ndiyo iliyolifichua neno "kithiri". Sasa sentensi ile inasema: "Ukiona dalili zinazidi, acha dawa uende kwa daktari." Imerefuka kwa maneno mawili, na kila niliyempa ameieleza sawasawa.