Chumvi ndani ya maji: lini inasaidia, lini ni kupoteza pesa

Paketi za unga wa elektrolaiti, yaani madini ya sodiamu, potasiamu na mengineyo, siku hizi zinauzwa kana kwamba kila mwenye kiu anazihitaji. Mtu mzima mwenye afya anayekula ugali na mboga, wali na maharage, au chai na chapati, tayari anapata chumvi ya kutosha, mara nyingi hata kupita kiasi. Ya ziada figo huitoa kwenye mkojo. Anywe maji akiona kiu, aangalie mkojo usiwe wa rangi nzito, basi.

Kuhara ndiko kunakobadilisha hesabu, na hapo tunasisitiza ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji ili kurudisha maji mwilini. Katika utumbo, glukosi (aina ya sukari) na sodiamu huingia mwilini pamoja, na maji hufuata. Ndiyo maana soda haifai: sukari yake nyingi huvuta maji kuelekea utumboni na kuzidisha kuhara. Paketi nyingi huchanganywa na lita 1 ya maji safi, lakini zipo za mililita 500 na 200, kwa hiyo soma kwanza. Usigawe unga kwa makadirio, na ukishachanganya usichemshe.

Paketi ikikosekana: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikisawazishwa kwa kisu. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kutumia kijiko cha chakula, ambacho ni sawa na vijiko 3 vya chai. Chumvi ikizidi hivyo inaweza kumdhuru mtoto vibaya. Onja: yakiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga. Yakipita saa 24, mwaga pia.

Mtoto chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila anapohara, na wa miaka 2 hadi 10 apewe 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, kisha mpe kijiko kimoja kimoja, taratibu. Usimwachishe kunyonya. Macho yakibonyea, akilegea, akitapika kila kitu au choo kikiwa na damu, mpeleke hospitali mara moja huku ukiendelea kumpa njiani.

Kwa mkimbiaji, chini ya saa moja maji yanatosha. Ukipita saa mbili kwenye joto la Dar au Mombasa, robo kijiko cha chai cha chumvi kwa lita 1 hukupa karibu miligramu 600 za sodiamu. Jipime uzito kabla na baada: kilo 1 iliyopungua ni kama lita 1 ya maji. Ukiwa umeongezeka, umekunywa kupita kiasi, na hilo ni hatari, kwa sababu sodiamu ya damu hushuka. Katika Boston Marathon ya 2002, asilimia 13 ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu walikutwa na hali hiyo.

Madafu ni mazuri, ila yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kwa hiyo hayashiki nafasi ya ORS. Mwenye ugonjwa wa figo asiyanywe, wala vidonge vya madini, kabla ya kumuuliza daktari wake. Mwenye presha naye aulize kwanza kabla ya kuongeza chumvi kwenye maji.