Shangazi, mume wangu anarukwa na akili?

*Shikamoo shangazi. Miezi kumi iliyopita mume wangu alinusurika ajali ya gari; rafiki yake aliyeketi kando yake alifariki. Vidonda vimepona, lakini yeye si yule. Usiku anaamka akipiga kelele, mlango ukibamizwa anaruka, gari hapandi tena. Watoto nimewakataza kutaja ajali, taarifa ya habari nazima, picha za marehemu nimezificha. Ndugu zake wanasema ajikaze. Je, anarukwa na akili?*
Mke mwenye hofu

Marahaba, mwanangu. Harukwi na akili. Mimi siwezi kumpima kwa barua, ila unayoyaeleza yanafanana sana na msongo wa baada ya kiwewe, ambao madaktari huuita kwa kifupi PTSD. Wiki za mwanzo baada ya balaa, kushtuka na kuota ni jambo la kawaida, na wengi hutulia wenyewe. Dalili zikipita mwezi mmoja na kuvuruga maisha, ndipo ugonjwa huu hutajwa. Yeye ana miezi kumi.

Shemeji zako waambie hivi: katika Vita ya Kwanza ya Dunia, askari wengi waliotetemeka bila jeraha la kuonekana waliitwa waoga. Ugonjwa huu uliingizwa kwa jina hilo la PTSD katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Kama kujikaza kungekuwa dawa, wale askari wangepona kwenye mahandaki.

Kumbukumbu ya kawaida unaijua kuwa imepita. Hii ya kiwewe huja kama jambo linalotokea sasa hivi. Breki zinalia barabarani, na mwili wake umeshajihami kabla hajakumbuka kwamba yuko salama.

Sasa nikuambie lisilopendeza. Kuficha picha na kuzima taarifa umefanya kwa mapenzi, lakini kunaulisha ugonjwa. Kila anapokwepa gari anapata nafuu ya siku ile, na ubongo wake unazidi kuamini kwamba kilichomwokoa ni kukwepa. Kesho woga unadai zaidi. Nyumba nzima imeshaanza kuishi kwa kuuogopa, hata watoto.

Simaanishi umburute kwenye gari, wala umhoji mezani. Kazi hiyo ina wenyewe. Mtafutieni mwanasaikolojia aliyefunzwa kutibu kiwewe, na msione haya kumuuliza anatumia njia gani. Katika tiba mojawapo mgonjwa husimulia tukio tena na tena, kisha huvikaribia alivyovikwepa hatua kwa hatua. Kwa kawaida huchukua vikao 8 hadi 15. Nyingine, ya vikao 12 hivi, hushughulika na mawazo yaliyomganda, kama lile la "ningekaa mimi kiti kile". Mwanzoni huenda akatoka kikaoni amechoka na kukasirika. Asiache kwa sababu hiyo.

Dawa zipo pia. Sertralini na paroksetini husaidia baadhi ya watu, baada ya wiki kadhaa, kwa maelekezo ya daktari. Vidonge vya kutuliza aina ya diazepamu havipendekezwi kwa ugonjwa huu, na pombe ya kutafutia usingizi ni hasara tupu.

Usiku akishtuka, usimkumbatie ghafla. Anaweza kukupiga bila kujua ni wewe. Washa taa, simama mbali kidogo, mwite jina, mwambie yuko nyumbani na wewe ni nani. Akishakutambua, muulize kama anataka umshike.

Ukimsikia akisema heri angekufa yeye, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Akikubali, usimwache peke yake, mfikishe hospitali siku hiyohiyo.

Namna ya kumwanza? Usianze na ajali wala na neno ugonjwa. Anza na usingizi, kwa sababu huo hata yeye anaulilia: "Baba, hujalala vizuri tangu lini? Twende tukamwone mtu anayejua mambo haya, mimi nitakusindikiza." Akikataa, nyamaza, urudie siku nyingine. Watoto nao waambie kwamba baba aliumia ndani, kwamba kelele za usiku si kosa lao, na kwamba wanaruhusiwa kuuliza.

Shangazi