Jibu: Umri wa mimba usiuchukue kwenye kadi ya kliniki

Kabla hujachapisha hata dodoso moja, ndugu mleta mada, ifute ile sentensi uliyoipachika mwishoni kana kwamba ni jambo dogo: "umri wa mimba nitauchukua kwenye kadi za kliniki." Umeuliza uwasajili akina mama wangapi huko Kaliua, mkoani Tabora, utumie dodoso gani la lishe, na vipande vya kondo la nyuma uvihifadhi vipi hadi vifike maabara. Utafiti wako kuhusu watoto wasiokua vizuri tumboni utafia kwenye sentensi hiyo, kama wangu ulivyofia humo humo, hapa Kigoma, baada ya miezi kumi na minne na mkopo wa SACCOS ambao mke wangu anaukumbuka kuliko tarehe ya ndoa yetu.

Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili, na nilitaka kujua kama malaria wakati wa ujauzito inazuia ukuaji wa mtoto tumboni katika vijiji vya kando ya ziwa wilayani Uvinza. Nilikaa leba nikisubiri. Mama akijifungua, nilimpima mtoto kwa mizani niliyoinunua mwenyewe, nikachukua kipande cha kondo, nikanakili kutoka kwenye kadi yake siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kisha nikahesabu wiki. Nilipata akina mama mia tatu na ushee, nikajiona mwanasayansi.

Siku nilipozipanga tarehe hizo kwenye kompyuta ndipo nilipogundua kwamba akina mama wa Uvinza, kwa mujibu wa kadi, huingia hedhini tarehe 1, tarehe 15 na tarehe 20, na siku nyingine za mwezi hakuna kitu. Muuguzi mmoja mtu mzima niliyemwonyesha hakushangaa. Alinieleza kwamba mama akiulizwa hujibu, "ilikuwa mbalamwezi," kwa sababu dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiingia wavuvi hupumzika nyumbani, hivyo mke wa mvuvi huhesabu siku zake kwa kurudi kwa mumewe. Kadi haina kisanduku cha mbalamwezi, foleni ni ndefu, basi inaandikwa 15. Mama alikuwa na jibu. Mahali pa kuliandika ndipo hapakuwapo, na mimi sikuwahi kumuuliza.

Kadi moja bado naiona. Mtoto alizaliwa na gramu 2,100. Kwa tarehe ya hedhi, mimba ilikuwa na wiki 40, kwa hiyo mtoto huyo alikuwa amekwama kukua. Ndani ya kadi ileile kulikuwa na karatasi ya altrasaundi iliyokunjwa mara nne, ya kipimo ambacho mama alipimwa mimba ikiwa na miezi minane, na kwa hesabu ya karatasi hiyo alizaliwa na wiki 35, yaani njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, mwenye uzito ulio ndani ya kawaida kwa umri wake. Hayo ni matatizo mawili yenye vyanzo tofauti, na tangu mwaka 1967 madaktari wa watoto Battaglia na Lubchenco walipendekeza watoto wachanga wapangwe kwa uzito na umri wa mimba kwa pamoja, kwa sababu "chini ya gramu 2,500" ni kapu moja linalobeba vitu viwili. Nilikuwa na kapu, sikuwa na njia ya kulichambua.

Usikimbilie kusema kwamba utaiamini altrasaundi, maana hapo ndipo nilipojichimbia shimo la pili. Altrasaundi haioni umri; inaona ukubwa, kisha inaubadilisha ukubwa kuwa umri ikichukulia kwamba mtoto anakua kawaida. Katika miezi mitatu ya kwanza dhana hiyo inakubalika, kwa kuwa watoto wote hukua karibu sawa, na urefu kutoka utosini hadi makalioni hukosea kwa siku tano hadi saba tu. Mimba ikifika miezi ya mwisho, kosa hufika wiki tatu, na mtoto aliyekwama kukua huhesabiwa kuwa mdogo wa umri, tatizo likafutika kwenye karatasi huku likiwa tumboni. Ni sawa na kukisia umri wa watoto wa shule kwa kimo chao, halafu ukashangaa kwamba shule nzima haina aliyedumaa. Kimo cha mimba kwa futikamba kina ugonjwa huohuo.

Msimamizi wangu, ambaye simtaji kwa sababu bado ana muhuri, aliniambia kwamba makosa ya tarehe "yatajifuta yenyewe sampuli ikiwa kubwa." Hayajifuti. Makosa ya kubahatisha huufifisha uhusiano unaoutafuta, na haya yangu hayakuwa hata ya kubahatisha, kwa kuwa mama anayeanza kliniki kwa kuchelewa ndiye mwenye tarehe mbovu zaidi, na ndiye aliyekosa pia chandarua na SP, vidonge vya kukinga malaria kwa wajawazito. Nilikuwa hata nimeandika kwa fahari kwamba waliomeza dozi nyingi za SP walizaa watoto wazito. SP hutolewa kuanzia miezi mitatu ya pili, kwa kupishana angalau mwezi mmoja. Aliyejifungua mapema hakupata muda wa kuzimeza dozi zote, na mtoto wake ni mdogo kwa sababu hiyohiyo. Mtahini wa nje aliniuliza jambo hilo kwa upole, na mimi nikaomba maji ya kunywa.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: usimsajili mama ambaye mtoto wake hakupimwa kwa altrasaundi kabla ya wiki 14. Utaambiwa kwamba huo ni ukali wa vitabuni. Mradi wa kimataifa wa viwango vya ukuaji wa mtoto tumboni, INTERGROWTH-21st, ambao Nairobi ilikuwa mojawapo ya vituo vyake, ulipima kabla ya wiki 14. Watafiti wa AMANHI, utafiti wa afya ya akina mama na watoto wachanga, kisiwani Pemba walilegeza hadi wiki 19. Na chati ya uzito wa mtoto tumboni iliyotokana na akina mama wa Korogwe ikachapishwa mwaka 2012, kwa hiyo usiniambie haiwezekani Tanzania. Shirika la Afya Duniani lenyewe linashauri kipimo kimoja kabla ya wiki 24, lakini hiyo ni kwa ajili ya huduma, na wewe unataka kutofautisha njiti na aliyekwama kukua.

Ugumu uko kuwapata, kwa kuwa mimba changa haitangazwi, na msimu wa tumbaku ukibana nani atakwenda kliniki? Watumie wahudumu wa afya ngazi ya jamii wenye vipimo vya mimba vya mkojo, wapite nyumba kwa nyumba, na fedha za kompyuta mpya uziweke kwenye nauli za akina mama hao kwenda kupimwa. Kuhusu idadi, mia na hamsini wenye umri wa uhakika watakufaa kuliko mia tatu zangu.

Wiki ijayo kaa siku mbili kwenye kliniki ya wajawazito hapo Kaliua, uhesabu wangapi wanafika hudhurio la kwanza kabla ya mwezi wa tatu wa mimba kwisha. Utuletee namba hiyo hapa kabla hujapeleka pendekezo lako kwa msimamizi yeyote.