Changamoto ya mwezi mzima na jioni za fasihi

Ndugu, nimekupata: umeahidi kuandika kila siku kwa mwezi mzima, ila uzinduzi wa vitabu na jioni za mashairi zinakula muda wako. Usiziache zote, chagua moja kwa wiki. Andika asubuhi kabla hujashika simu, maana ukirudi usiku kichwa kimejaa sauti za wenzako, na sentensi zako zitaanza kufanana na zao. Kama lengo lako ni maneno 50,000 kwa siku 30, hayo ni kama 1,667 kila siku. Kwa mwenye ajira ni mzigo huo! Mimi ningeweka 500 kwa siku. Siku uliyoikosa usiilipe kwa mkupuo, deni hilo ndilo huwakatisha wengi tamaa. Usingizi ukipotea, acha kuandika kwanza; usingizi usiporudi, muone daktari.