Anzieni stesheni ya Kigoma

Mkuu, umeuliza mchezo wenu wa kuigiza kwa dadu, wa dunia iliyokwisha, uanzie wapi, na mtachezaje watano mkiwa miji tofauti. Mimi ningeanzia stesheni ya Kigoma, mwisho wa Reli ya Kati. Kwenye hadithi yenu treni haiji tena, nyasi zimefunika mataruma, na kule bandarini imelala MV Liemba. Hiyo meli msiiache! Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Wachezaji wakijua hilo wataamini kwamba inaweza kufufuka tena.

Maji ya Ziwa Tanganyika yapo, dagaa wapo. Chumvi ndiyo iko mbali, Uvinza, na njia si salama. Basi chumvi iwe fedha yenu. Mtu akitakiwa kutoa vijiko viwili vya chumvi apate betri ya tochi, utasikia kabisa anavyosita.

Kuhusu kukutana, simu ya sauti ya kundi inatosha, video inamaliza bando. Kila mtu arushe dadu zake, apige picha, atume. Ila kabla ya yote, ulizaneni nini kisiguswe kwenye hadithi. Wengine wamefiwa, na maangamizi kwao si mchezo.