Kimbia zako, watoto niachie mimi

Mwanangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Korogwe hatujambo, vuli imeanza vizuri na baba yako kashika jembe kama kijana. Ule ujumbe wa sauti uliourekodi ukiwa kwenye daladala nimerudia kuusikiliza, maana konda alikuwa anapiga kelele kukushinda. Kama nimekupata sawasawa, habari ni hii: mwishoni mwa Februari mnataka kwenda Moshi wote kwenye Kilimanjaro Marathon. Mume wako anasema familia nzima iingie kilomita 5, mtembee pamoja watoto wakiwa katikati, kwa sababu kila mtu akishika njia yake hiyo haitakuwa safari ya familia tena. Wewe roho yako iko kwenye nusu marathoni, kilomita 21. Unaniuliza kama ukijiandikisha huko utakuwa umewatelekeza wenzako.

Jiandikishe 21. Watoto nitatembea nao mimi. Mume wako achague mwenyewe: akitaka 5 aje tuongozane, akitaka zake azikimbie, lakini asikimbie na wewe. Hilo la mwisho nalisisitiza kuliko yote.

Kaka yako na wifi yako walipokwenda kwa mara ya kwanza, waliapa kwenda sako kwa bako mpaka mwisho. Mimi nilikuwapo, nimekaa kwenye nyasi pale uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika ambako mbio zinaanzia na kumalizikia. Njia ya nusu marathoni haikuachii tambarare kwa muda mrefu. Inakuchukua kupanda kuelekea Mweka, unapanda na kupanda, ndipo unageuka na kushuka kurudi mjini. Kaka yako unamjua, miguu ya korongo. Wifi yako pumzi anazo ila hatua zake ni fupi. Basi kwenye kilima yule anatangulia, anasimama pembeni ya barabara mikono kiunoni, anamtazama mwenzake akipanda. Mwenzake akimfikia, yeye huyoo, ameondoka tena. Kwa hiyo anayesubiri alikuwa anapumzika na misuli inapoa, na anayesubiriwa hakupumzika hata mara moja. Wifi yako aliniambia baadaye kwamba yale macho ya kusubiriwa ndiyo yaliyomchosha, kilima wala hakikuwa tatizo. Kushuka hawakusemezana. Picha yao ya kumaliza umeiona ukutani kwao sebuleni: wameshikana mikono na hakuna anayecheka.

Safari iliyofuata kila mmoja alikwenda kivyake. Wifi yako akampata mama mmoja wa makamo, mwalimu, mwendo wao mmoja, wakapiga soga kuanzia chini hadi Mweka na kurudi. Mpaka leo wanatumiana salamu za Idi na Krismasi. Kaka yako naye alimaliza mapema, akaoga, akaja na maji baridi na kipande cha tikiti kumpokea mkewe getini. Siku hiyo ndiyo niliyowaona wakicheka.

Mwendo wa mtu kwenye mbio ndefu haukopeshwi. Ukikimbia juu ya uwezo wako kwenye kilima, unalipa mbele ya safari. Hata ukijizuia chini ya mwendo wako, miguu inachoka kwa namna nyingine, kwa sababu hatua si zako. Kipimo ni mdomo: ukipanda ukaweza kumaliza sentensi bila kukata pumzi, uko sawa. Ukiwa unajibu kwa "mh" na "eeh", punguza, au tembea kabisa. Kutembea kilimani si aibu, na wengi wanaokupita pale kwa mbwembwe utawakuta mbele wamekaa kwenye kingo za barabara wanajikanda mapaja.

Lakini mimi mama yako najua kinachokukwaza si mwendo. Unaona haya kutaka kitu cha peke yako mbele ya watoto. Sisi tumekulia enzi ambazo mbio zilikuwa za kusikiliza redioni. Filbert Bayi alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na mwalimu alituimbisha siku nzima. Juma Ikangaa aliposhinda marathoni ya New York mwaka 1989 wewe ulikuwa begani kwangu unacheua. Tulishangilia, lakini hakuna aliyewaza kwamba na sisi kina mama tunaweza kuvaa raba tukatoka. Mwanamke mtu mzima akionekana anakimbia barabarani, watu walitoka milangoni kumuuliza nani kafariki. Siku hizi mambo ni mengine: mwaka 2023 Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu kwenye marathoni ya Berlin, kwa saa 2:18:41. Na kina mama wa joging wanapita hapa kwetu alfajiri na fulana zao za njano wakiimba, na hakuna anayewauliza msiba uko wapi. Binti yako amezoea kukuona jikoni, na kwenye laptopu, na kwenye daftari lake la hesabu. Jumapili hiyo atakuona una namba kifuani, umesimama katikati ya umati. Sioni hapo mtoto aliyetelekezwa.

Tena ratiba yenyewe inatusaidia. Mbio hazianzi kwa pamoja. Wa kilomita 42 wanatangulia asubuhi na mapema, kisha 21, kisha sisi wa 5. Kwa hiyo tutakusindikiza ukiondoka, watoto watapiga kelele mpaka sauti zikauke, halafu ndipo tutaingia kwenye zetu. Tutakuwa tumemaliza na kutafuta kivuli kabla hujarudi kutoka Mweka. Hiyo ndiyo njia ya watoto kukushangilia kwenda na kurudi. Mkitembea wote mstari mmoja, nani atamshangilia nani?

Kuhusu hao watoto, ondoa wasiwasi. Yule wa kiume tangu Alphonce Simbu atwae ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo Septemba 2025 hatulii. Mlipokuja wiki ile nilimkuta uani anarudia ule mwisho: anakimbia, anatupa kifua mbele, anaanguka kwenye majani ya mgomba, anainuka anauliza, "Bibi, nani kashinda?" Ukweli ni kwamba Simbu na yule Mjerumani, Amanal Petros, wote waliandikiwa saa 2:09:48, wakaachana kwa vipande vidogo vya sekunde baada ya kilomita 42 nzima. Sasa mweleze mtoto wa miaka sita kwamba Simbu hakuanza hivyo, alisubiri. Hataelewa. Atatoka mbio kama risasi, atasimama mita chache mbele akilia kiu, ataomba kubebwa, halafu akiona mtoto mwenzake atachomoka tena. Kilomita 5 za watoto ndivyo zilivyo, na mtu mzima anayetaka mstari ulionyooka atagombana nao mpaka mwisho. Mimi mwendo wangu ni wa pole, na presha yangu hairuhusu mashindano, kwa hiyo tutafaana. Daktari wangu kliniki nilishamweleza. Amesema kutembea ruksa, dawa nimeze kama kawaida, na nikisikia kifua kinabana nisimame nisijidai.

Ninachokitaka kwako ni kimoja: nyuma ya namba ya kila mtoto andika kwa kalamu ya wino usiofutika namba yako ya simu na ya baba yao. Umati wa kilomita 5 ni mkubwa mno, fulana ni za rangi moja, na mtoto akipotea hapatikani kwa kuelezwa kwamba kavaa fulana ya mbio. Mtandao nao siku hiyo huelemewa, kwa hiyo tukubaliane mahali pa kukutania kabla hatujaachana. Tutafute mti ndani ya uwanja, kila mtu auone kwa macho yake. "Tutapigiana" sitaki kuisikia.

Sasa kwa mume wako. Usimwambie kwamba mama kasema. Mwambie ahesabu mwenyewe saa za safari. Kutoka Dar mpaka Moshi ni zaidi ya kilomita 500, siku nzima ndani ya basi, watoto mapajani, mkonge dirishani kuanzia huku kwetu, halafu milima ya Usambara, halafu Upare wote mpaka Same na Mwanga. Huko mko pamoja mpaka mchokane. Jumamosi mtapanga foleni ya kuchukua namba pamoja, mtarudi gesti kubandika pini pamoja, na pini zitapotea, ndiyo kawaida. Jioni mtakula pamoja, na hapo nakuonya mapema: Moshi ni mji wa ndizi, utawekewa mtori, machalari na kiburu, na kila mwenye mgahawa atakwambia ndizi zake ndizo zinazokimbiza. Mtori kunywa bila wasiwasi. Kiburu kina maharage ndani, hicho kiache mpaka Jumapili mchana, la sivyo Mweka utaifika na tumbo linalozungumza. Baada ya mbio mtakuwa pamoja tena mpaka mnafika Mbezi. Anachokuomba mumeo ni zile saa mbili tatu za Jumapili asubuhi, ndizo pekee ambazo kila mmoja anaweza kukaa na pumzi zake mwenyewe. Mpe siku zote nyingine, hizo zibane.

Ana hoja moja ya kweli, na uikubali mbele yake: kama hujajiandaa, kilomita 21 zitakula safari nzima. Mtu aliyezimia hemani si mwenza wa safari. Unasema kumi unazimaliza na klabu yenu kila Jumamosi. Vizuri, lakini Dar ni tambarare na joto la pwani halikufundishi kupanda. Kuanzia sasa mpaka Februari tafuta kilima. Pugu mnako, nendeni huko hata mara moja kwa wiki mbili, mpande taratibu na mshuke taratibu. Kushuka ndiko kunakoua mapaja. Watu wengi huogopa ile njia ya kupanda Mweka, kumbe Jumatatu wanashindwa kushuka ngazi za gesti kwa sababu ya mteremko wa kurudi. Mbio yako ndefu ya wiki iongeze kidogo kidogo mpaka ifike 17 au 18, inatosha, hizo zilizobaki utabebwa na vigelegele. Wiki mbili za mwisho punguza.

Raba mpya usizivae siku ile, hata kama zimetoka Kariakoo jana na zinang'aa. Maji kunywa unapoona kiu, kwenye kila kituo mafunda machache. Kuna wanaojijaza chupa baada ya chupa kwa hofu ya jua, na wao hutapika na kuchanganyikiwa, kwa sababu maji yakizidi chumvi ya damu inazimuliwa mno. Jua la Moshi mwezi wa pili si mchezo, masika bado hayajaja. Kofia muhimu. Na ukitaka kuuona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, tazama alfajiri ukiwa unasubiri kuanza, maana kukishapambazuka vizuri mawingu huufunika na hautaonekana mpaka jioni, ukibahatika. Wageni wanaoacha picha kwa ajili ya baadaye huondoka bila picha.

Vyumba tafuteni sasa hivi. Wikiendi hiyo Moshi hujaa mpaka watu wanalala Boma Ng'ombe, na bei za gesti hupanda kuliko hiyo njia ya Mweka. Usajili nao msiusubirishe mpaka Januari.

Tiketi yangu ya basi kata ya kuanzia Korogwe, nitapandia pale wanaposimama kula. Wakikwambia nauli ni ileile ya kutoka Dar, lipa tu, ndivyo walivyo, nitakurudishia. Nitumie saizi za fulana za watoto, ile ya binti uongeze moja maana anarefuka. Na mimi nitalala chumba kimoja na wajukuu, ninyi wawili mjue cha kufanya na chumba chenu, mradi Jumamosi uwe umelala kufikia saa tatu usiku.

Baba yako anauliza kama kuna mbio za kukaa.

Mama yako